Pete ya Nyuma ya Banda la Kuku

Kosa lilikuwa la simu, na zaidi ya simu lilikuwa la furaha. Mtu mwenye furaha hachagui maneno.

Na Mkemia alikuwa na haki ya kufurahi. Kwa miaka mingi alikuwa anafanya kazi ambayo ndugu zake waliieleza kwa wageni kwa sentensi moja tu: "Huyu wetu anachota udongo." Alikokwenda kote, iwe msibani, harusini au kumjulia hali mgonjwa, alibeba kijiko na vifuko vya plastiki, na kabla ya kuaga alijitenga kidogo, akainama, akachota. Watu wa ukoo walishamzoea. Wasiomjua walimdhania mchawi. Kwenye harusi moja mama wa bwana harusi alimtimua bustanini kwa mwavuli, na mpaka leo familia ile ikipata mtoto mkorofi inamkumbuka.

Alichokuwa anatafuta ni ugomvi. Ndani ya udongo wamejaa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kama majirani wa ukuta mmoja, hawapatani. Hutengenezeana sumu. Baadhi ya sumu hizo, zikisafishwa na kupimwa, huwa dawa kwetu sisi. Mkemia alitaka sumu ya kuua vimelea vya kifua kikuu, hasa wale waliokwisha kuwa sugu, ambao dawa za kawaida zikipita wanazipungia mkono tu. Ni viumbe wenye tabia ya mgeni mbaya: wanavaa koti zito la nta, hawana haraka, na wakishakaa hawatoki.

Katika sumu zote hizo, zilizomnyima Mkemia usingizi ni zile ambazo molekuli yake imejikunja ikawa pete kubwa. Molekuli ndefu iliyonyooka hujipindapinda hovyo kama kamba ya kiatu. Ukishika kichwa chake na mkia wake ukavifunga pamoja, inapata umbo, na kitu chenye umbo hukamata mahali ambapo kamba inateleza. Hata kile kidonge chekundu cha zamani cha kifua kikuu, ambacho kimewaponya watu wengi kuliko tunavyoweza kuwashukuru, asili yake ni pete ya namna hiyo, na ilitoka udongoni. Mkemia alikuwa anatafuta ndugu yake mwingine.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee mrefu aliyejulikana kama Profesa Bado, kwa sababu matokeo yoyote utakayomletea, jibu lake ni "bado". Wanasema hata siku ya ndoa yake, alipoulizwa kama amekubali, alijibu hivyo hivyo, ikabidi shughuli isimame kidogo.

Siku hiyo Mkemia alimwekea mbele kisahani cha kioo. Vimelea sugu vilikuwa vimeota kila mahali isipokuwa katikati, pale alipodondosha tone la maji ya udongo fulani. Hapo palikuwa peupe kama upara. Kisha akamwonyesha mchoro uliotoka kwenye mashine. Profesa aliutazama, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Bado," alisema. Kisha, baada ya kufikiri, akaongeza neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake: "Lakini nzuri."

Mkemia alitoka mbio mpaka kwenye korido, akapiga simu kwa Mama Mdogo, kwa kuwa udongo ule ulitoka uani kwake.

Mama Mdogo na mumewe ndio waliomlea Mkemia tangu utotoni, mama yake mzazi alipokwenda kufanya kazi mbali. Baba Mdogo alikuwa fundi wa magodoro, mtu mpole mwenye nyuzi za pamba nywelini. Mama Mdogo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, na alikuwa na sauti inayofaa kazi hiyo.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Sema haraka, kuna mtoto ameweka harage puani."

"Unakumbuka ule udongo niliochota nyuma ya banda la kuku?"

"Nakumbuka. Uling'oa na mche wangu wa pilipili."

"Basi humo tumekuta pete."

Makelele ya watoto yalififia; Mama Mdogo alikuwa ametoka nje na simu. Maabara nzima kwa wiki kadhaa ilikuwa inasema pete hii, pete ile, na Mkemia alikuwa amesahau kabisa kwamba duniani kuna pete za aina nyingine.

"Pete," alisema Mama Mdogo.

"Pete, Mama Mdogo. Kubwa, safi, imefunga vizuri. Hatukutegemea kitu kama hicho kitoke pale."

"Mna hakika?"

"Tumeipima kwa mashine, tukarudia."

"Kumbe ilikuwa kwenye udongo ule miaka yote hiyo." Alisema taratibu, kama mtu anayejisomea hukumu. "Nyuma ya banda la kuku."

"Kuku wanapekua juu yake kila siku."

"Mwanangu, njoo nayo Jumamosi. Na usimwambie Baba yako Mdogo. Nitamwambia mwenyewe."

Mkemia alikata simu akiwa ameguswa moyo. Hakujua kwamba Mama Mdogo anaipenda kemia kiasi hicho.

Jumamosi alifika akiwa amebeba kitu kikubwa kilichofunikwa kitambaa. Kwa kuwa molekuli haionekani, alikuwa ameiunda kwa vipira vya rangi na vijiti, na ilikuwa na upana wa ungo. Alitegemea kuwakuta watu wawili na chai. Akakuta viti vya kuazima vimepangwa sebuleni mpaka mlangoni. Walikuwepo dada wawili wa Baba Mdogo, wamekaa bega kwa bega kama mashahidi. Alikuwepo jirani mwenye duka. Alikuwepo Bibi Mkubwa, shangazi yake Mama Mdogo, mzee sana, ambaye masikio yake yalikuwa yamestaafu kabla ya mwili.

Baba Mdogo alikuwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na mkononi alikuwa na paja la kuku, saa ya asubuhi. Alikuwa na uso wa mfungwa aliyeachiliwa bila kuambiwa sababu, anayeogopa kuuliza asije akarudishwa ndani. Alimvuta Mkemia pembeni.

"Mwanangu, hiyo pete ina maandishi kwa ndani?"

"Maandishi? Hapana, Baba Mdogo. Ina kaboni nyingi, oksijeni, na nitrojeni kidogo."

Baba Mdogo alitikisa kichwa kwa huzuni. "Basi si yangu," alisema, akarudi kwenye kiti chake na kuendelea na paja, kama mtu anayekula haraka kabla sahani haijaondolewa.

Mkemia hakupata nafasi ya kuuliza, kwa sababu Mama Mdogo alikuwa amesimama na kupiga makofi mara mbili, jinsi anavyowanyamazisha watoto.

"Ndugu zangu, nimewaita kwa jambo la aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Mnajua pete ya ndoa ya huyu baba ilipotea, kabla hata mwanangu huyu hajaja kuishi kwetu. Nilimuuliza iko wapi, akasema hajui. Mimi nikasema najua: iko kwa mwanamke. Nimesema hivyo miaka yote. Nimeyasema kwenu nyote, nimeyasema dukani, na kwa yule wa kusoma mita ya maji niliyasema. Leo natamka mbele yenu kwamba nilimsingizia mume wangu. Pete ilidondoka nyuma ya banda la kuku, na wataalamu wameipima kwa mashine."

Dada za Baba Mdogo walishusha pumzi. Mmoja alisema, "Tulijua," ingawa alikuwa wa kwanza kuamini uvumi ule.

"Haya, mwanangu," alisema Mama Mdogo. "Itoe."

Hapo ndipo Mkemia alipoelewa ni pete gani iliyokuwa inangojwa. Alitazama mlango, akaona umezibwa na jirani mwenye duka, ambaye alikuwa mnene. Basi akafunua kitambaa.

Pete ya vipira vyeusi, vyekundu na vya buluu ilining'inia mikononi mwake, pana kama ungo, na mkono mmoja wa vipira ukichomoza pembeni. Bibi Mkubwa aliinama mbele, akaipima kwa macho, kisha akamgeukia Baba Mdogo na kumtazama upya kuanzia kichwani.

"Huyu mwanaume," aliuliza, "ana vidole vya namna gani?"

Ilibidi Mkemia aeleze. Alieleza habari ya udongo, ya sumu, ya koti la nta na ya kamba ya kiatu. Alieleza vizuri, kwa sababu aliogopa kufika mwisho. Alipofika mwisho, Mama Mdogo alikuwa bado amesimama pale pale.

"Kwa hiyo hiyo ni sanamu ya dawa," alisema.

"Ya kitu ambacho siku moja kinaweza kuwa dawa."

"Hata dawa yenyewe bado."

"Bado, Mama Mdogo."

"Basi pete ya mume wangu iko wapi?"

Watu wote walimgeukia Baba Mdogo. Naye aliweka paja la kuku chini, polepole, na kujifuta vidole.

Sasa kama kuna jambo baya kuliko kesi, ni kesi iliyofungwa halafu ikafunguliwa tena. Mama Mdogo alijiona amekosewa mara mbili: kwanza kwa uzinzi, pili kwa kulazimika kumwomba radhi mtu asiyestahili. Alianza kuyamwaga mbele za watu, moja baada ya jingine, na hakuna aliyethubutu hata kuvuta kiti.

"Alianza kwa kukonda. Mtu mzima, anakula, anakonda. Nikasema haya ni mapenzi, mapenzi yanakondesha. Halafu akahama chumba. Eti joto. Akawa analala hapa sebuleni, madirisha wazi, na ulikuwa msimu wa baridi, mpaka paka wa jirani wakawa wanaingia kulala naye. Halafu kila asubuhi, kabla hata hajafungua karakana, anachana nywele anatoka. Nikamfuata. Nikamwona kwa macho yangu anaingia uzio wa zahanati, mwanamke wa gauni jeupe anampa maji, anamsimamia mpaka ameze, anamwambia fungua mdomo nione. Mimi mke wake wa ndoa sijawahi kumwambia fungua mdomo nione."

"Na kikohozi?" aliuliza Mkemia.

"Kikohozi ni cha pamba, alisema mwenyewe. Mafundi magodoro wote wanakohoa. Usinikatize. Halafu zikaja leso. Leso nyeupe, zina rangi ya mdomo. Kola za shati, rangi ya mdomo. Foronya, rangi ya mdomo."

Mkemia aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mama Mdogo, hiyo rangi. Ilikuwa nyekundu ya damu, au ilikuwa kama ya karoti?"

"Ya karoti. Nikasema huyo mwanamke hata kuchagua rangi hajui."

"Ukiifua ilitoka?"

"Haikutoka. Nilisugua mpaka leso ikatoboka."

"Na kwenye kwapa za shati?"

"Na kwenye kwapa," alisema Mama Mdogo kwa ukali. Kisha akasita, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe. "Hata mimi nilijiuliza nani anabusu kwapa. Nikasema labda ndiyo mapenzi ya kisasa."

Jirani mwenye duka alipata shughuli ya ghafla ya kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Halafu," alimalizia Mama Mdogo, lakini nguvu zilikuwa zimepungua kidogo, "akanenepa. Chakula changu ni kile kile. Nani alikuwa anamnenepesha?"

Mkemia aliweka pete yake juu ya kabati. Kesi nzima alikuwa ameshaisoma, kwa sababu alikuwa ameisoma vitabuni, mstari kwa mstari, isipokuwa paka. Lakini siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata kama mgonjwa mwenyewe amepona zamani na amekaa mbele yako na mafuta ya kuku kidevuni.

"Baba Mdogo," alisema, "twende unionyeshe vizuri pale nilipochota udongo."

Nyuma ya banda palikuwa na kivuli chembamba na kuku watatu wasiojali. Baba Mdogo aliwatazama kuku.

"Vidonge vilikuwa vyekundu," alisema Mkemia.

"Vyekundu, na vingine vyeupe." Hakushangaa. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo na sasa anatafuta pa kuuegemeza. "Siku ya kwanza nilipokwenda haja ndogo nikajua nimekufa. Nilirudi zahanati mbio, suruali nimeishika mkononi. Nesi alicheka mpaka akakaa. Akaniambia ni dawa, itapaka rangi kila kinachotoka mwilini, jasho, mate, na machozi pia, kwa hiyo nisilie nikiwa nimevaa nyeupe."

"Kwa nini hukumwambia Mama Mdogo?"

"Mwanangu, mimi nauza kitu ambacho watu wanalazia pua. Palikuwa na fundi viatu hapa mtaani, aliugua kifua, akatibiwa, akapona kabisa. Watu wakaendelea kumrushia viatu kwa mbali, kama wanalisha mamba. Nikaona siri hii haifai kutoka. Na Mama yako Mdogo unamjua. Ana mema yote, lakini sauti yake haina chumba cha ndani. Nikasema nitamwambia nikishapona. Nilipopona nikakuta tayari mimi ni mzinzi."

"Ukanyamaza."

"Mtu akisikia una hawara, anacheka. Akisikia unakohoa, anahamisha kiti." Alifikiri kidogo. "Halafu wateja waliongezeka. Walikuwa wanakuja kunitazama, wakiniona nilivyo, wanachanganyikiwa, wananunua godoro."

Mkemia alijizuia kucheka, kwa sababu palikuwa na swali lisilo na mzaha. "Na Mama Mdogo alipimwa?"

Baba Mdogo aliinamisha kichwa. "Nilihama chumba na kufungua madirisha nesi aliponiambia. Lakini alitaka nimlete mke wangu apimwe. Nikamdanganya kwamba tayari."

"Hapo ulikosea, Baba Mdogo."

"Najua. Ndiyo maana nimekubali mengine yote."

"Na pete je?"

"Nilikonda mpaka vidole vikawa njiti. Nilikuwa nasindilia pamba kwenye godoro, nikatoa mkono, kidole kitupu. Nilifumua kila godoro lililokuwa karakana, sikuiona. Lenyewe lilikuwa limeshauzwa. Kuna mtu amelala juu ya ndoa yangu mpaka leo."

Hapo Mkemia alishindwa. Alicheka mpaka kuku wakahama. Alipopata pumzi akamwambia kwamba kile kidonge chekundu nacho kilikuwa pete, pete ya molekuli, jamaa wa ile iliyo juu ya kabati.

Baba Mdogo alikuna kichwa, nyuzi za pamba zikaanguka. "Kwa hiyo nilipoteza moja, nikameza ngapi?"

"Hazihesabiki."

"Na zote zikaishia chooni."

"Nyingine ziliishia kwapani."

Walicheka wote wawili, wameshikilia ukuta wa banda, mpaka sauti kutoka ndani ikauliza kama huko nyuma kuna sherehe.

"Siri ni yako," alisema Mkemia. "Mimi siwezi kuitoa. Lakini dada zako wameshaanza kukunja mikono ya magauni."

Baba Mdogo alijipangusa shati, akaingia ndani, akasimama pale aliposimama mkewe, akasema. Hakusema kwa ufundi. Alisema aliugua kifua kikuu, akatibiwa miezi sita, akapona, pete ilitumbukia godoroni, na rangi ya karoti ilikuwa ni jasho lake mwenyewe. Mkemia aliongeza maneno mawili matatu kuthibitisha habari ya kwapa.

Mama Mdogo alikaa. Kwa muda mrefu alimtazama mumewe kama anamtafuta kwenye picha ya darasa.

"Ulikuwa unaumwa," alisema.

"Nilikuwa naumwa."

"Na mimi nilikuwa nakuwekea chakula bila kukutazama."

"Kilikuwa kitamu hivyo hivyo."

Dada mmoja wa Baba Mdogo alianza kulia. Mama Mdogo alimshika mumewe mkono, ule wenye kidole kitupu, akaupapasa kwa upole ambao watu wa nyumba ile walikuwa wameusahau. Ilikuwa picha nzuri, na ingeweza kuishia hapo. Lakini Mama Mdogo alikuwa bado anafikiri, na kufikiri kwake kulikuwa kunaelekea mahali.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kwa hiyo kabla hujahama chumba ulikuwa unanikoholea."

Baba Mdogo alijaribu kurudisha mkono wake, ukagoma kurudi.

"Kila usiku. Usoni."

"Niligeukia ukutani."

"Bora ungekuwa na hawara. Hawara hakohoi." Alisimama. "Jumatatu wote zahanati. Wote. Na wewe," alimwambia jirani mwenye duka, aliyekuwa anajisogeza mlangoni, "wewe umekula chumvi yangu miaka mingi, utakuja."

Bibi Mkubwa alimvuta Mkemia sketi. "Pete imepatikana?"

"Hapana, Bibi. Ila tumejua inalala wapi."

"Vizuri," alisema Bibi Mkubwa. "Mtu akijua anapolala, atarudi tu."

Jumatatu walikwenda kwa mstari, Mama Mdogo mbele, kama anavyowapeleka watoto kunawa mikono. Mkemia aliomba ruhusa kazini aende nao, kwa sababu alihisi zahanati itahitaji mtu wa kuomba radhi. Mlangoni walikutana na nesi yule yule, sasa mwenye mvi na cheo. Mama Mdogo alisimama ghafla. Kwa miaka yote alikuwa hamsalimii mwanamke huyu. Sokoni alimpita kama nguzo. Kwenye shughuli moja alihama meza na sahani yake.

"Dada," alisema Mama Mdogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilidhani wewe ni hawara wa mume wangu."

Nesi alimtazama Mama Mdogo, akamtazama Baba Mdogo kuanzia viatu mpaka pamba, akarudi kwa Mama Mdogo. "Huyu?" aliuliza.

Jambo hilo lilimuudhi Mama Mdogo kuliko lilivyomfariji. "Ana ubaya gani?" alisema, na akaanza kumtetea mumewe pale pale mlangoni, sura yake, tabia yake, mikono yake ya kazi, mpaka foleni nzima ikaambukizwa heshima. Nesi naye akakiri kwamba siku zote alidhani ananuniwa kwa sababu ya sindano aliyowahi kumchoma mtoto mmoja wa chekechea, ambaye alilia hadi akapoteza sauti. Wakashikana mikono.

Vipimo havikuwa rahisi. Bibi Mkubwa aliambiwa akohoe atoe makohozi kwenye kikopo, akakataa katakata, akisema amelelewa kwenye nyumba ya heshima na hajawahi kutema mate mbele ya watu, hataanza leo kwenye chombo chenye kifuniko. Ilibidi watu wote wageuke ukutani, nesi akiwemo. Majibu yalipotoka, hakuna aliyekuwa mgonjwa. Jirani mwenye duka alikutwa na shinikizo la damu, akashukuru, kisha akalalamika.

Kule maabara mambo yalikwenda kama yanavyokwenda maabara. Pete ya nyuma ya banda iliua vimelea sugu tena na tena, lakini ilikataa kuyeyuka kwenye maji, ikawa inakaa chini kabisa ndani ya chupa kama mkwe aliyenuna. Na dawa isiyoyeyuka haifiki popote. Mkemia alianza kazi ya kuibadilisha ule mkono wa pembeni, aufupishe, aurefushe, auvalishe kitu kinachopenda maji, bila kuivunja pete yenyewe. Ni kazi ya miaka, na baada yake kuna wanyama wa majaribio, na baada yao watu wa kujitolea, na popote hapo kitu kinaweza kukwama. Profesa Bado alipoulizwa matarajio yake alijibu unavyojua. Lakini alikuwa amebandika mchoro wa pete ile ukutani ofisini mwake, mahali palipokuwa na picha ya mkewe, na mkewe alipokuja kumtembelea ilibidi aeleze.

Baba Mdogo aliogopa wateja watakimbia. Walikimbia wiki moja, kisha wakarudi, kwa sababu Mama Mdogo alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza kwamba mtu aliyemaliza dawa hamwambukizi mtu, na kwamba atakayehamisha kiti atahamishiwa kiti na yeye. Alieleza hivyo kwa sauti ile ya kuwaita watoto wakati wa mapumziko. Watu waliona ni nafuu kununua godoro.

Ila mtaa ule haukupata amani tena. Mama Mdogo alikuwa ameonja kazi mpya. Alijifunza kwa nesi kwamba kikohozi kikizidi wiki mbili mtu apimwe, na alilipenda jambo hilo, isipokuwa zile wiki mbili. Mtu akisafisha koo kwenye foleni ya mkate, alimsikia akiwa upande wa pili wa barabara. Alimpeleka fundi rangi. Alimpeleka mwalimu wa kwaya pamoja na sauti zote nne. Walio wagonjwa kweli walikuwa wachache sana, mmoja wao yule wa kusoma mita ya maji, aliyekuwa anakohoa kwa siri nyuma ya nyumba za watu. Huyo alianzishiwa dawa siku ile ile, na Mama Mdogo akamnunulia leso nyeusi.

Juma lililopita jirani mwenye duka alikuwa amekaa kibarazani kwake, mkabala na chekechea, anakunywa chai, akachekeshwa na kitu, chai ikaingia njia isiyo yake. Alijitahidi. Uso ulivimba, macho yakamtoka, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini kikohozi kimoja kidogo kilimponyoka.

Dirisha la chekechea likafunguliwa.

"Ni chai," alisema jirani, kwa kunong'ona, akiinua kikombe juu kama ushahidi. "Mama, nakuapia ni chai."

Mama Mdogo alikuwa tayari anavaa viatu.